Kiti cha Faustin

Jumatatu, 2 Juni

Nimerudi sasa hivi kutoka barabara ya uwanja wa ndege wa Bunia. Vumbi mpaka kwenye meno. Goti la kulia linauma tena, si mbele, ni nyuma, pale kwenye mshipa wa paja. Maumivu ya mbele ni ya kiti cha baiskeli kilichokaa chini. Ya nyuma ni ya kiti kilichopanda. Hili nalijua, klabu nzima ya triatloni inalijua, na hakuna anayeniruhusu kukishusha.

Pedeli ikifika chini mguu wangu unaitafuta kwa vidole. Nyonga inateremka kuusaidia, halafu nyonga ya pili, na kiuno kizima kinacheza kama niko harusini. Kushuka ni kuruka pembeni. Wanaokunywa chai kwenye kibanda cha mzunguko wamenizoea. Wananingoja niruke ndipo wacheke.

Nina hasira. Nimeiandika ili isiniharibie mshono mchana.

Jumatano, 4 Juni

Magauni mawili ya komunyo yamechukuliwa. Cherehani imegoma asubuhi, ikakubali baada ya mafuta.

Ngoja niyapange mambo haya, labda yatapungua uzito. Baiskeli ni moja. Ya mashindano, nyepesi, yenye zile pembe mbili za mbele za kulazia viwiko. Tuliinunua Kampala mimi na mume wangu Faustin, kwa jasho la wote wawili. Tuligawana siku, na kila aliyepanda alifungua kiti akakiweka kwenye kimo chake. Chake juu na nyuma. Changu chini na mbele. Mbele sana, kwa sababu kwenye triatloni unatoka majini, unapanda baiskeli, halafu bado unatakiwa kukimbia. Ukikaa juu ya pedeli badala ya nyuma yake, paja halikugongi tumboni na miguu inabaki na kitu cha kukimbilia.

Yeye ndiye aliyenifundisha kukitafuta. Naegemea ukuta, kisigino juu ya pedeli, goti linyooke bila nyonga kuyumba. Hapo hapo kiti kinafungwa.

Alikufa Novemba kwenye njia ya Mahagi. Lori; baiskeli ilikuwa nyumbani. Ilikuwa Jumatatu. Jumapili alikuwa ameendesha yeye, Jumanne ingekuwa zamu yangu. Kwa hiyo kiti kilibaki kwenye kimo chake. Angekufa Jumatano, leo ukoo mzima ungekuwa unaheshimu urefu wa mguu wangu.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda kwa mama mkwe kupeleka unga na sukari. Viatu vya Faustin bado viko mlangoni, vimeelekea nje. Shati lake alilolivua Jumapili ile bado liko kwenye msumari. Halijafuliwa. Kwao vitu vya marehemu havisogezwi mpaka familia itoe matanga. Siku ya kutoa matanga watu wanavaa kitenge kimoja, mjane anavua nguo nyeusi, vitu vinagawanywa, basi, maisha yanaruhusiwa.

Siku ya maziko mama mkwe alifunga kitambaa cheusi kwenye bomba la kiti cha baiskeli, pale pale kinapoingilia kwenye fremu. Fundo la mkono wake. Mwezi wa Aprili klabu ilikuja kumwomba: Agosti kuna triatloni ya mkoa kule Kasenyi, ziwani, wangependa mtu wa nyumba hii aendeshe baiskeli ya Faustin. Alifikiri sana. Halafu akaniangalia mimi.

"Panda weye. Ila kiti usiguse. Siye hatugusake kitu ya marehemu mbele matanga itoke."

Nilikubali haraka. Nilifurahi, mjinga mimi. Niliona nimepewa baiskeli, kumbe nimepewa kaburi lenye magurudumu.

Matanga yanatoka tarehe 19 Julai. Mashindano ni tarehe 2 Agosti. Zitabaki wiki mbili za kuendesha kwa mwili wangu mwenyewe. Ninachohitaji ni goti lifike huko likiwa zima.

Jumanne, 10 Juni

Goti limevimba.

Solange amepita dukani. Ndiye rafiki yangu pekee klabuni, muuza samaki, amezaliwa Kasenyi, anaogelea kama anatembea. Amelibonyeza goti, amenitazama usoni, amesema niko kichaa. Nimemwambia ndiyo.

Baada ya yeye kuondoka nimepata wazo. Kama kiti hakishuki, mguu urefuke. Fundi viatu wa karibu na soko kuu hutengeneza kandambili za tairi. Nimemwomba mpira mnene, nimekata vipande vya umbo la soli, nimeshona na kubandika chini ya viatu vyangu vya mazoezi. Vibaya sana kutazama. Lakini sikugusa kiti. Mama mkwe alisema kiti, hakusema viatu.

Ijumaa, 13 Juni

Viatu vinafanya kazi! Nusu. Mguu unafika chini, nyonga zimetulia, goti limenyamaza mpaka nusu ya njia.

Tatizo jingine limebaki. Kiti kiko nyuma, kwa hiyo pembe ziko mbali. Nalala mbele kuzifikia, mgongo unavutika, shingo inakuwa mti. Nimeshona mito miwili midogo ya viwiko, nimejaza mabaki ya kitambaa. Imesaidia mikono. Kwenye mapaja hakuna mto unaoshonwa. Niliposhuka kukimbia miguu haikuwa yangu, nimejikokota mpaka kwenye kanisa la matofali nikakaa kwenye ngazi.

Najishonea baiskeli kama mteja aliyeleta gauni la dada yake. Punguza hapa, ongeza pale. Halitakaa kamwe, nawaambia hivyo kila siku, na wao hawasikii.

Jumapili, 15 Juni

Misa, halafu kwa mama mkwe. Bosco alikuwepo. Huyu ni mdogo wake Faustin, naye yuko klabuni, ana baiskeli kuukuu ambayo mnyororo unaruka kila mlima. Tangu Novemba ndiye msemaji wa familia. Ameiota kazi hiyo ghafla kama ndevu.

Aliona soli za tairi. Aliviinua viatu vyangu mbele ya watu, akavigeuza, akaniuliza ni nini hii. Nikaeleza. Alisema nimemzunguka marehemu kwa mlango wa nyuma.

"Shemeki, ile ni kuchekelea kaka. Kama kupanda velo inakushinda, sema tu inakushinda."

Mama mkwe akasema nibandue. Kwa sauti ya chini, kama anayeomba. Ingekuwa amri ningebisha.

Nimebandua. Bosco akanishikia kisu.

Nimemchukia leo, tena vizuri, bila kuona aibu. Na Faustin pia nimemchukia kidogo, kwa kuwa na miguu mirefu na kwenda Mahagi.

Jumatatu, 16 Juni

Sikuendesha. Goti.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefanya.

Nimeondoka mapema na ufunguo wa kulegezea kiti ndani ya soksi. Nimepita nyumba za mwisho, hadi penye mikaratusi, hakuna mtu. Nimefungua fundo la mama mkwe taratibu, nikaliangalia lilivyopitishwa ili nijue kulirudisha. Nikalegeza bomba. Kiti kimeshuka upana wa vidole vitatu. Nikakisukuma mbele mpaka mwisho wa reli zake. Nimeegemea mti kwa kuwa ukuta hapakuwa, kisigino kwenye pedeli, goti limenyooka, nyonga haikuyumba. Nimefunga.

Halafu nimepanda, na nimelia. Si kwa huzuni. Mwili ulikuwa umekaa mahali pake baada ya miezi. Viwiko vilianguka kwenye pembe vyenyewe. Miguu ilizunguka bila kutafuta kitu. Nilipita pikipiki mbili za mizigo. Niliposhuka nikakimbia, nilikimbia kweli, na ningeweza kuendelea.

Kabla ya kuingia mjini nimesimama, nikapandisha, nikarudisha nyuma, nikafunga kitambaa. Nimefika nyumbani nikiwa juu kule na vidole vikitafuta pedeli. Wanywa chai wamecheka kama kawaida yao. Nimewapungia mkono.

Jumatatu, 23 Juni

Tena leo. Na Jumamosi. Goti linapungua uvimbe. Solange ananipimia muda, anasema nikiendelea hivi hakuna mwanamke wa mkoa huu atakayeniona hata mgongo. Anapenda kutia chumvi. Lakini saa haitii chumvi.

Fundo ni gumu. Mama mkwe hufunga kwa kupitisha ncha chini mara ya pili, kama wanawake wa kwao wanavyofunga mzigo wa kuni. Najitahidi.

Jumamosi, 28 Juni

Wamenikamata.

Bosco alikuja nyuma yangu na pikipiki, abiria wake mama mkwe. Walikuwa wanakwenda kuona ng'ombe wa matanga kwa mtu wa upande wa Bule aliyehamia na mifugo yake nje ya mji. Sikusikia pikipiki kwa upepo. Walinipita, wakasimama mbele. Mama mkwe akageuka. Nilikuwa nimelala kwenye pembe, mgongo bapa, kiti chini, kitambaa cheusi kimefungwa kwenye mkono wangu ili kisipotee.

Kile cha mkononi ndicho kilichomuumiza zaidi. Niliona.

Hakunitukana. Aliteremka, akashika kiti kwa mikono miwili.

"Miguu yake iko hapa. Ukishusha kiti, unamukata mutoto yangu."

Nilitaka kusema kwamba mimi nina miguu ambayo bado inauma, lakini haikutoka. Bosco alisema mengi. Sitayaandika, hayana thamani ya wino.

Jumapili, 29 Juni

Kikao. Wajomba, shangazi wawili, Bosco katikati, mimi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Wamezungumza juu yangu nikiwepo. Shangazi mkubwa alisema mwanamke aliyetulia haendeshi hovyo barabarani ametega makalio juu, mjane tena. Mjomba mmoja alisema labda ningesikilizwa kama ningekuwa na mtoto wa Faustin. Hatukuzaa. Kila mtu anajua. Alilisema tu ili lisikike ndani ya chumba.

Uamuzi: baiskeli inakaa chumbani kwa mama mkwe mpaka siku ya kutoa matanga. Siku hiyo familia itaamua ni ya nani. Nilisema tuliinunua wawili. Waliuliza karatasi iko kwa jina la nani. Karatasi iko kwa jina la Faustin, kwa sababu siku ile mpakani mimi nilikuwa nimekaa nalinda mabegi.

Bosco ameisukuma mwenyewe mpaka chumbani. Kabla ya kuondoka wakanikumbusha kwamba nguo za matanga nitashona mimi. Familia nzima. Kitenge kimeshanunuliwa.

Jumatano, 9 Julai

Kitenge ni kibaya, maua ya zambarau makubwa kama sahani. Kinachuja rangi. Vidole vyangu ni vya zambarau.

Wanakuja mmoja mmoja kupimwa. Shangazi mkubwa ameomba nimwachie nafasi kiunoni kwa ajili ya wali. Mjomba hataki suruali imbane. Mwingine ana bega moja juu, nimemkatia mkono mmoja tofauti, hajui, atapendeza. Kila mtu anataka kifuate mwili wake na siyo mwili wa mwingine. Wanasimama mbele yangu wameinua mikono, wapole kabisa, nami nawazungushia futi.

Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba kiti nacho ni hivyo hivyo. Nilikuwa nasubiri mmoja aone.

Bosco amekuja jioni. Nimempima suruali. Yeye ni mrefu wa kiwiliwili, watu wanadhani ni sawa na kaka yake. Si sawa. Suruali za Faustin nimezikata miaka yote, vipimo vyake havitaki kuandikwa. Miguu ya Bosco ni mifupi. Nimepima mara ya pili kuhakikisha. Aliniuliza kama kuna shida, nikasema hakuna, simama wima.

Naandika kwa sababu lazima nimwambie mtu. Juu ya kile kiti hawezi kukaa hata yeye.

Jumamosi, 12 Julai

Naogelea tu. Meneja wa hoteli moja anaturuhusu kwenye bwawa kabla wageni hawajaamka. Majini goti haliumi. Solange anasema mume wa jirani yake ana baiskeli ile nyeusi ya kubebea muhogo, haitumii siku hizi, amenunua pikipiki. Nimemwambia sijafika huko.

Nimefika huko, lakini sikutaka kumwambia leo.

Jumamosi, 19 Julai

Matanga yametoka.

Asubuhi misa. Halafu mama mkwe na wajane wenzangu walinivua nguo nyeusi, wakanimwagia maji, wakanivika zambarau. Nilidhani nitalia hapo. Sikulia. Viatu vya mlangoni vikachukuliwa, shati likatoka kwenye msumari. Shati nilipewa mimi. Godoro mimi. Redio mjomba. Halafu baiskeli ikatolewa chumbani, safi, mama mkwe alikuwa ameifuta, na kitambaa cheusi kikafunguliwa na yeye mwenyewe. Mjomba akatangaza: inabaki kwenye damu, ni ya Bosco, ndiye atakayeibeba Kasenyi kwa heshima ya kaka yake.

Watu walipiga makofi. Mimi pia mikono yangu ilipiga. Sijui kwa nini.

Ninachotaka kuandika ni hiki. Wali ulikuwa bado unapakuliwa. Nilikuwa nyuma ya nyumba nakusanya sahani pamoja na mama mkwe, yeye ameshika beseni. Bosco alikuwa pale uani na vijana wa klabu, amevaa ile suruali niliyomkatia. Alipanda. Vidole vyake havikufika pedeli. Akashuka, akaomba ufunguo, akalegeza, akashusha kiti, akakisukuma mbele, akafunga. Wakati wote anazungumza habari za mpira. Hakuna aliyenyamaza. Hakuna aliyeangalia.

Upana wa vidole viwili hivi. Karibu na pale pale nilipokiweka mimi.

Mama mkwe alisimama. Beseni liliinama, sahani ya juu ikaanguka, haikuvunjika, ya plastiki. Sikumtazama usoni. Niliokota sahani nikaingia jikoni.

Jumapili, 20 Julai

Nimelala mchana kutwa. Nilidhani nitakasirika kwa kuwa ameipata. Kinachonikaa rohoni ni kingine: mimi ndiye niliyestahili kukishusha. Kwa mkono wangu, siku yangu, hata kama ningelia. Alikishusha huku anaulizia nani alifunga bao.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeleta baiskeli nyeusi ya muhogo. Nzito, Mungu wangu. Nimeng'oa kile chuma cha nyuma cha mizigo. Waendesha mizigo huweka kiti chini kabisa ili miguu ifike ardhini gunia likitaka kuwaangusha. Bomba lilikuwa limeshikana na kutu, limelala kwenye mafuta ya taa tangu asubuhi, limetoka jioni. Nimeegemea ukuta wa duka. Kisigino, goti, nyonga. Nimefunga.

Kiti hakisogei mbele kama kile, reli zake ni fupi. Nimegeuza kile chuma kinachokishika kwenye bomba, nyuma ikawa mbele, kiti kikasogea. Pembe hazipo. Nitashika usukani kama mchuuzi.

Goti halikuuma. Sina kingine cha kusifu.

Jumamosi, 2 Agosti

Kasenyi. Naandika nikiwa kwa shangazi yake Solange, miguu kwenye beseni.

Joto la huku chini halina huruma, sisi wa Bunia tunafika tumeshachoka. Wavuvi walitoa nyavu asubuhi ili tupite. Mwanajeshi kila kona. Watu wengi, spika moja, inakoroma.

Majini nilitoka wa tatu kati ya wanawake. Solange wa kwanza, bila shaka. Kwenye baiskeli walinipita wote. Barabara ya ziwani ni tambarare, pale chuma kizito kinaonyesha tabia yake. Niliendesha nimeketi wima, upepo kifuani, nikiwaona wanalala kwenye pembe zao na kupotea. Bosco alinipita raundi ya pili. Alikuwa amekaa vizuri. Nasema kweli, kiti kilikuwa sahihi kwake, magoti hayakutoka nje, mgongo umetulia. Nani asingekaa vizuri kwenye kiti alichojiwekea?

Kwenye mbio nilikuwa na miguu. Niliwafikia wanawake wawili nikawapita. Waliobaki walikuwa mbali mno.

Nilikuwa bado njiani spika ilipotangaza kwamba baiskeli ya marehemu Faustin imerudi na medali, nafasi ya tatu kwa wanaume, ndugu yake ametimiza ahadi. Makofi. Niliyasikia nikiwa kwenye kona ya mwisho, mbele ya vibanda vya samaki, nikafikiri kwa sekunde moja kwamba ni yangu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kivulini na ndugu zake. Nilipomaliza hakupiga makofi. Hakuwapigia wengine pia. Aliiangalia baiskeli iliyoegemezwa kwenye mti, aliiangalia muda mrefu, na Bosco alipomvisha medali shingoni aliiacha ilale pale tu.

Jumapili, 3 Agosti

Njia ya kurudi, juu ya lori la dagaa. Hakuna aliyezungumza nami. Nilinuka samaki, baiskeli ilinuka samaki. Nimeoga mwenyewe kwanza, halafu nimeiosha hiyo.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya kawaida. Sketi tano za shule, zipu za bei rahisi, zinakwama.

Saa za mchana mama mkwe ameingia dukani. Hajawahi kuingia tangu Novemba. Amekaa kwenye kiti cha wateja, amevaa lile la zambarau, nimeona kwapa nilikaza mno. Nikampa maji. Akauliza habari za goti, nikasema linapoa. Nilidhani amekuja kwa sababu ya shati au godoro, nikajiandaa kwa maneno makali, nilikuwa nayo tayari mengi.

Alisema ameamka usiku kutaka kukumbuka ikamshinda. Amekwenda kuangalia baiskeli kwa Bosco na hapo pia hakuona kitu, alama ya kiti kwenye bomba haipo, wamepiga rangi.

"Kiti ya Faustin ilikuwa inafika fasi gani? Miye nilishasahau. Weye ndiye uliikala kule juu."

Maneno makali yote nikayakosa. Nilisimama. Nikachukua chaki ya kukatia nguo, nikaenda kwenye fremu ya mlango, nikasimama wima bila viatu. Sikuhitaji futi. Nilijiinua kwa vidole, kama natafuta pedeli, mpaka nyonga ikaanza kuvutika pale inapouma, nikaweka mkono kwenye kimo cha kiti, nikapiga mstari. Nikampisha.

Alikuja akaweka kiganja juu ya mstari. Akasimama hivyo, mteja mmoja akaja, akaona, akasubiri nje. Mama mkwe hakulia. Alisema tu kwamba alidhani ni juu zaidi.

Halafu akaenda zake. Hakuomba msamaha, nami sikuomba. Nimemhudumia yule mteja, nimemaliza zipu, nimefagia. Mstari sijaufuta.